Mfinyanzi hulia gaeni: mbunifu aliyewajengea matajiri wa Uingereza, mkewe akabaki na mchoro

#1 Mwashi wa Tanga
Wakuu, salaam. Tangu wiki iliyopita nasoma maisha ya Edwin Lutyens, mbunifu wa majengo wa Kiingereza, na kuna jambo limenikaa kooni.

Mwaka 1897 kijana ana miaka 28, jina bado dogo, anamchumbia Lady Emily Lytton. Baba yake binti alikuwa mtawala wa India kwa niaba ya Malkia, 1876 hadi 1880. Kijana yeye ni mtoto wa kumi kati ya kumi na watatu, na baba yake ni kapteni aliyeacha jeshi akashika brashi akawa mchoraji wa farasi. Kwao ni Thursley, kijiji cha Surrey, na pesa ni za mawazo. Sasa atampa nini binti wa watu? Akambunia kisanduku. Ndani kimegawanywa vijisehemu, kila kimoja na kitu chake: Biblia ndogo, nanga, moyo, na karatasi yenye mchoro wa nyumba ndogo nyeupe. Yaani hapo ndipo tutakapokaa mimi na wewe.

Wakaoana tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Wakapata watoto watano. Mzee akafariki 1 Januari 1944, akiwa ameshajenga majumba ya mashambani kwa karibu kila mwenye fedha, mnara wa Cenotaph pale London, na ikulu ya Delhi yenye vyumba 340.

Ile nyumba nyeupe haikujengwa. Emily alikaa miaka yote kwenye majumba ya London yaliyojengwa na watu wengine, wengi wao wamekufa zamani.

Swali: kwa nini? Na msiniambie "wanaume ndivyo tulivyo". Nataka sababu.

#2 Kokoto
Kinyozi hajinyoi. Uzi ufungwe.

#3 MkeWaFundi
Usifungwe! Huu ni mwaka wa kumi na tisa nimeolewa na fundi ujenzi. Mtaani kwetu kuna nyumba saba kazijenga yeye, moja ina ghorofa. Jiko langu limeezekwa mabati ya mkono wa pili na ukuta haujaona lipu. Kila nikiuliza ni "nikimaliza ya huyu mteja". Mwashi, huyo Emily mimi namfahamu bila kumsoma.

#4 Mzee wa Ramani
Tuanze na pesa, maana wengi wanaona majina makubwa wanadhani mfuko nao mkubwa.

Mama yake Emily hakumtaka huyu kijana. Ndoa ilikubaliwa kwa masharti, mojawapo akate bima ya maisha ili binti asije akaachwa mikono mitupu. Ada za bima hiyo zilikuwa mzigo mkubwa kwa mtu anayeanza kazi. Ndiyo maana alikuwa hakatai kazi hata moja. Kila pauni iliyoingia ilikuwa imeshaandikiwa pa kwenda: bima, mishahara ya wachoraji ofisini, watoto, watumishi. Barua alizomwandikia mkewe zimejaa hofu ya kufilisika, hata wakati huo anaandikwa magazetini.

Pili, tumwelewe ni fundi wa aina gani. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, hakusoma shule kama kaka zake. Alikuwa akizunguka vijijini na kipande cha kioo na vipande vya sabuni alivyovichonga ncha. Anasimama mbele ya nyumba ya mkulima, ananyanyua kioo, anafuatisha mistari ya paa kwa sabuni juu ya kioo. Akimaliza anafuta, anakwenda nyumba nyingine. Ndivyo alivyojifunza paa linavyokaa juu ya ukuta. Shule ya sanaa ya South Kensington alikaa miaka miwili tu.

Alipofika miaka 20 akakutana na Gertrude Jekyll, mama wa bustani, mkubwa kwake kwa miaka 25 na ushee. Huyo ndiye aliyemwingiza vizuri kwenye ile harakati ya Sanaa na Ufundi: jiwe la machimbo ya jirani, mbao ya mwaloni ya palepale, mafundi wa kijijini, hakuna urembo wa kubandika. Nyumba aliyomjengea, Munstead Wood, 1896 hadi 1897, ina boriti za mwaloni zilizopakwa chokaa ya moto, ikaondolewa, mbao ikabaki na rangi ya fedha kama imekaa miaka mia.

Angalieni miaka hiyo. Anamjengea Jekyll wakati uleule anamchorea Emily.

#5 BintiAmu
Mimi naona mnamlaumu asiyestahili. Kwetu Lamu, kwa wale wa nyumba za mawe, mke hajengewi na mume. Hujengewa na babake. Binti akikaribia kuolewa, babake humpa nyumba au humuongezea orofa juu ya ile ya zamani, na mahali pakiwa pamebana hujengwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia ya mtaa. Mume huja na nguo zake. Nyumba ni ya mwanamke, hata talaka ikitoka mwenye kutoka ni yeye bwana.

Sasa swali la kuulizwa ni hili: huyo babake Emily alikuwa wapi?

#6 Mzee wa Ramani
Alikuwa kaburini, dada. Lord Lytton alifia Paris mwaka 1891, akiwa balozi huko. Na nyumba ya ukoo, Knebworth, ilikwenda kwa mtoto wa kiume.

#7 Kokoto
Kwa hiyo kesi imehamia kwa marehemu. Huu uzi unaelekea pabaya.

#8 Chokaa
Samahani kutoka nje ya mada. Hiyo chokaa ya moto kwenye mbao imenigusa, nimekulia kwenye kazi hiyo. Babu yangu alikuwa akichoma tanuu Mtwara: magogo yanapangwa duara, juu yake matumbawe, moto unawashwa katikati usiku upepo ukitulia. Asubuhi mawe yamekuwa meupe na mepesi kama mkate. Ukiyamwagia maji yanachemka, yanapasuka. Hapo ndipo inaitwa chokaa ya moto, na ikikurukia jichoni hutaisahau.

Lakini sisi tuliipaka ukutani. Kuipaka mbao ili izeeke mapema sijawahi kusikia. Sisi tulikuwa tunahangaika zisizeeke!

#9 NairobiKati
Nachangia kidogo tu. Huyu Lutyens ndiye alichora State House yetu hapa Nairobi mwaka 1907. Kwa hivyo watu wa hapa tunamjua.

#10 Mzee wa Ramani
Hapana, ndugu yangu. Umechanganya watu wawili na miaka miwili.

State House ni ya Herbert Baker. Hiyo 1907 inaandikwa sana, lakini mwaka 1907 Baker alikuwa Afrika Kusini na kazi zake za huko. Kenya aliitwa miaka ya 1920, enzi za gavana Edward Grigg, akachora nyumba ya gavana Nairobi, ya Mombasa pia, na ile shule ya Prince of Wales ambayo leo ni Nairobi School.

Kuchanganya kwenyewe kunaeleweka. Baker na Lutyens walikuwa vijana ofisi moja, kwa Ernest George, wakawa marafiki. Baadaye wakapewa Delhi pamoja: Lutyens ikulu, Baker majengo mawili ya ofisi za serikali. Urafiki ukafia hapohapo kwenye kilima cha Raisina. Baker alitaka majengo yake yakae juu ya kilima sambamba na ikulu, kwa hiyo ikulu ikasogezwa nyuma, na mwinuko wa barabara ukawa unaificha ukiwa unakuja. Lutyens alisaini makubaliano hayo mwaka 1913, akaja kushtuka 1916. Akalia, akaandika barua kwa kila mkubwa, haikusaidia. Ndipo akasema amekutana na "Bakerloo" yake. Napoleon alishindwa Waterloo, na Bakerloo ni njia ya treni ya chini pale London. Hata kwenye uchungu jamaa alikuwa haachi utani.

Na kwa faida ya mada: Baker alijijengea. Mwaka 1902, Parktown, Johannesburg, nyumba yake mwenyewe iliitwa Stonehouse. Ofisi ileile, mafunzo yaleyale.

#11 NairobiKati
Nimekubali kurekebishwa. Lakini hiyo barabara ya Delhi! Mtu asaini ramani halafu baada ya miaka mitatu ndio aone haioni nyumba? Contractor wa kwetu angekimbizwa.

#12 Msomaji wa Usiku
Mimi naleta sababu ambayo mnaizunguka. Emily mwenyewe hakuwa mtu wa nyumba.

Mwaka 1910 alijiunga na Jumuiya ya Theosofia, watu wanaotafuta ukweli mmoja ndani ya dini zote. Mwaka uliofuata kiongozi wao, Annie Besant, akaja Uingereza na kijana wa Kihindi, Krishnamurti, aliyetangazwa kuwa ndiye chombo cha Mwalimu wa Ulimwengu atakayekuja. Emily akamlea kama mwanawe, watoto wake wa kuzaa wakiona. Akaacha nyama. Akasafiri kuhutubia. Mwaka 1914 akamwambia mumewe kuwa habari za chumba kimoja zimekwisha.

Na kuna la siasa. Mume yuko Delhi anamjengea mtawala ikulu, mke yuko na Besant anapigania Wahindi wajitawale. Mtu wa namna hiyo ungemjengea nyumba angekaa siku ngapi?

#13 MkeWaFundi
Mkuu wa #12, hesabu haziendi. Ndoa ni 1897. Theosofia ni 1910. Hapo katikati kuna miaka kumi na tatu na watoto watano wote wameshazaliwa, kitinda mimba Mary ni wa 1908. Miaka kumi na tatu mchoro uko kwenye kisanduku! Mungu wa Kihindi anasingiziwa bure.

Labda uliza kinyume: kama angejengewa, angeondoka?

#14 Msomaji wa Usiku
Kwenye hesabu umenishika, nakubali. La kinyume silijibu, nina mke.

#15 Boksi la London
Nipo London, nasambaza mizigo. Mtaa wa Mansfield napita kila wiki. Nyumba namba 13 ina kibao ukutani: kinasema aliishi na kufa hapo Pearson, mbunifu, na baadaye Lutyens, mbunifu. Wabunifu wawili nyumba moja, na hakuna aliyeijenga! Ni ya ndugu wa ukoo wa Adam, wabunifu wa karne ya 18. Kabla ya hapo alikuwa Bloomsbury Square namba 29, ambako alipanga mbunifu mwingine mkubwa, Norman Shaw. Ofisi chini, familia juu.

Kwa hiyo nina nadharia. Huyu hakutaka nyumba, alitaka anwani. Wateja wake walikuwa watu wa London wanaotafuta pa kukimbilia Jumamosi. Ukihamia shamba, nani atakuona? Ndani alijifurahisha kwa rangi: alipenda kuta nyeusi na sakafu ya kijani. Wazia mama wa watoto watano na sebule nyeusi.

Jina la Emily kwenye kibao halipo.

#16 Dada wa Kisutu
Naona wote mmelisahau hili, na nimelinyamazia nione kama Mzee wa Ramani atalitaja.

Lutyens alijenga nyumba Knebworth, karibu mwaka 1901. Inaitwa Homewood. Ni nzuri, si kubwa, mbele ina ubao kama ya kijijini, ukizunguka upande wa bustani unakuta nguzo.

Mwenye nyumba: mama mkwe.

#17 Kokoto
Subiri kwanza. MAMA MKWE? Yule yule aliyemkataa?

#18 MkeWaFundi
Nimeweka simu chini nimetembea uani nikarudi.

#19 Dada wa Kisutu
Yule yule, mjane wa Lord Lytton. Na hapo Homewood ndipo alipokaa naye dada yake Emily, Constance. Huyu msimpite hivihivi. Alipigania kura ya wanawake. Akikamatwa kama Lady Constance, anapimwa moyo na kuachiwa kwa heshima. Mwaka 1910 akajiita Jane Warton, fundi cherehani, akavaa nguo za kubahatisha, akaandamana Liverpool hadi akafungwa. Gerezani akagoma kula. Safari hii hakuna aliyempima moyo, alilishwa kwa mpira kwa nguvu mara nane. Baadaye alipatwa na kiharusi, akauguzwa na mama yake nyumba hiyohiyo hadi 1923 anapokaribia kufa.

Kwa hiyo nyumba ya mkwe ilifanya kazi yake. Siwezi kusema ilijengwa bure.

#20 BintiAmu
Hapo mumeona? Nyumba imekwenda upande wa mwanamke kama kwetu, ila imeruka kizazi. 😂

#21 Mzee wa Ramani
Dada wa Kisutu, nimevua kofia. Homewood naijua, sikuiunganisha.

Ila mjue kumjengea mkwe ilikuwa kazi yenye malipo ya namna yake: kila mgeni wa Knebworth atauliza nani kachora. Bado nasimama kwenye pesa.

#22 Ukindu
Watoto je? Nilisikia hakuna aliyefuata kazi ya baba, wote wakaenda kwenye dini ya mama.

#23 Dada wa Kisutu
Si kweli. Robert, wa kiume pekee, alikuwa mbunifu. Miaka ya 1930 alitengenezea maduka ya Marks & Spencer uso wa mbele wa vigae vya mraba, kila kimoja inchi 10, unavipanga kulingana na upana wa kiwanja. Akili ya kisasa kabisa, baba kajenga kwa mwaloni, mtoto kwa kigae cha kiwandani.

Elisabeth alikuwa mtunzi wa muziki, wa ule mgumu wa noti kumi na mbili, na alipoishiwa akatunga wa filamu za kutisha ili watoto wale. Mary akawa mwandishi, akaandika maisha ya Krishnamurti, kisha ya baba yake. Ursula ndiye mama wa Nicholas Ridley, waziri wa Thatcher. Barbara aliolewa na mwanasiasa, Euan Wallace.

Na mama mwenyewe aliachana na Theosofia mwaka 1930, baada ya Krishnamurti kuvunja jumuiya aliyotengenezewa na kuwaambia watu wasimfuate.

#24 Kokoto
Mama kaacha nyama, kaacha ndoa, kalea mwokozi, mwokozi kasema mimi si mwokozi. Na nyumba hana.

#25 Mjukuu wa Kariakoo
Mimi nina deni na huyu bwana la aina nyingine. Mwaka 1918 alikuwa mmoja wa wabunifu wakuu watatu wa tume ya makaburi ya vita ya Dola ya Kiingereza, pamoja na huyohuyo Baker na Blomfield. Yeye alishikilia kwamba kaburi la jenerali na la askari wa kawaida yafanane. Kule Thiepval, Ufaransa, mnara wake wa 1932 una majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao miili haikuonekana. Kila mtu na jina lake.

Babu wa babu yangu alibeba mizigo kwenye vita hiyohiyo, huku kwetu, na hakurudi. Mtaa ninaokaa umeitwa kwa ajili yao, lakini jina lake halipo kwenye jiwe lolote. Sanamu ya Askari pale Dar ni moja kwa wote, haina jina.

#26 NairobiKati
Hiyo sanamu si ya Lutyens pia?

#27 Mjukuu wa Kariakoo
Hapana. Ni ya mchongaji James Alexander Stevenson, ikawekwa 1927, mahali ambapo Mjerumani alikuwa ameweka sanamu ya gavana wake, Wissmann. Maneno ya Kiingereza aliyatunga mwandishi Kipling. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Simsingizii Lutyens kwamba ndiye aliyekata shauri. Nasema tu alikuwa mezani.

#28 Mwashi wa Tanga
Mjukuu, pole. Hilo linastahili uzi wake, ukifungua nitakuja.

#29 Chokaa
Nikirudi kwenye mada: si kila aliyejenga alipona. Mwenzao Voysey, wa harakati hiyohiyo, mwaka 1899 alimjengea mkewe nyumba Chorleywood, The Orchard. Kuta nyeupe za chokaa na kokoto, dari ya chini, milango mipana yenye bawaba ndefu za chuma zinazoishia kwenye umbo la moyo. Moyo kila mahali, hata kwenye tundu la ufunguo. Miaka michache akaiuza. Uzeeni alimwacha mkewe akaenda kupanga chumba London, peke yake.

Naye mbunifu Philip Webb, aliyemjengea Morris, mmoja wa waanzilishi wa harakati hiyo, ile Nyumba Nyekundu, hakuoa kabisa.

#30 Msomaji wa Usiku
Kwa hiyo aliyejenga aliachana, asiyejenga akabaki ndani ya ndoa hadi kufa. Maana Lutyens na Emily hawakuachana, wameandikiana maelfu ya barua. Pamoja na yule rafiki yake Lady Sackville aliyemnunulia gari la Rolls-Royce, lakini huo ni umbea, nausogeza pembeni.

#31 BintiAmu
Usiusogeze!

#32 Mwashi wa Tanga
Nimesoma yote. Pesa, anwani, imani ya mke, mkwe, marehemu baba. Kila moja inafika mahali inakwama.

Mimi kuna jingine linanisumbua. Emily alizaliwa Paris, akapelekwa Lisbon, India, akarudi Knebworth, kisha Paris tena. Utoto wake wote ni nyumba za serikali. Huenda hakujua kuomba nyumba, kama mtu asiyejua kuomba chumvi. Na bwana naye, anayejua kuchora vyumba vya watu wengine hadi mahali pa kuweka mwavuli, alihitaji mteja amsumbue. Mteja asiyesumbua hajengewi. Fundi yeyote humu anajua.

#33 MkeWaFundi
Huo wa #32 nimemsomea bwana kwa sauti akiwa anakula. Hakusema kitu. Amenawa, amechukua futi kamba, yuko nyuma ya jiko anapima. Ameniita nimshikie ncha ya pili.

#34 Kokoto
Piga picha kabla simu ya mteja haijaita.